Picha za aibu zinachomoza kwenye kompyuta ya nyumbani, na anayelaumiwa ni mwanangu

Assalaam alaikum Maalim,

Nakuandikia kutoka Wete, Pemba. Nyumba yangu imeingia fitina na chanzo chake ni kompyuta.

Tuna kompyuta ya mezani, mtumba, shemegi yangu alitununulia Unguja akaileta kwa boti. Ina Windows 10. Tumeiweka ukumbini na kila mtu anaitumia. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama wa mwani, na daftari lote la kikundi limo humo: majina, namba za simu, hisa za kila mmoja na kilo alizouza. Mwanangu mkubwa yuko kidato cha nne, anasomea humo mitihani iliyopita. Mdogo wake wa kike anafanyia kazi za skuli. Kitinda mimba anacheza gemu. Baba yao akirudi kutoka kazini bandarini Mkoani hutizama mpira usiku. Intaneti tunaitoa kwenye simu yangu kwa hotspot.

Tangu mwezi wa Ramadhani kuna vidirisha vidogo vinachomoza kwenye pembe ya chini, mkono wa kulia, na kila kimoja kinakuja na mlio. Kimoja kinasema kompyuta ina virusi vitano na ulinzi wake umekwisha muda, kimeandikwa jina la kampuni kubwa ya programu za kuzuia virusi. Kingine kinasema nimeshinda simu. Vingine naona haya hata kuvitaja: wanawake waliovaa nusu uchi, na maneno ya Kiingereza ya kuita watu.

Idi mosi tulikuwa tunazungumza kwa video na wifi yangu aliyeko Muscat. Mama mkwe alikaa mbele kabisa, kajifunga kanga mpya ili binti yake amuone vizuri. Mara pembeni mwa uso wa wifi ikachomoza picha ya aina hiyo. Mama mkwe akasema astaghfirullah, akajifunika uso kwa ile kanga, akatoka ukumbini. Mume wangu hakusema kitu mbele ya watu. Usiku akamwita kijana, akamwambia kwamba machafu hayaji mahali yasipoitwa, akachomoa waya wa umeme wa kompyuta akaufungia kabatini. Kijana ameapa kwamba hakufanya kitu. Baba yake haamini, na mtihani ni Novemba. Sasa ndani ya nyumba hawa wawili hata salamu wanapeana kwa tabu.

Kuna jambo sijamwambia mume wangu. Kabla ya Idi nilikibonyeza mimi kile kidirisha cha virusi, nikidhani ndiyo njia ya kukiondoa. Kikafungua ukurasa mwekundu unaolia kama king'ora, unataka nijaze namba za kadi ya benki. Nilishtuka nikachomoa waya ukutani.

Fundi mmoja wa Chake anasema tumpelekee, atapiga Windows upya na kututilia antivirus ya kulipia, shilingi 60,000 kwa jumla. Maalim, hizi picha kweli ni dalili kwamba kijana anaangalia machafu? Tumpe fundi hizo pesa? Na nifanye nini ili daftari la wenzangu lisipotee? Humo mna haki za watu.

Mama wa Watatu, Wete

*

Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Barua yako imeniuma kwa sababu ya kijana kabla ya kompyuta, basi na nianze na yeye.

Picha iliyomtoa mama mkwe ukumbini haithibitishi kitu chochote juu ya mwanao. Anayetuma vidirisha hivyo hajui nani kakaa mbele ya kompyuta yenu, na wala hajali. Ana orodha ya kompyuta zilizompa ruhusa, na zote anazipelekea matangazo: leo virusi, kesho simu ya bure, keshokutwa wanawake, maana kila mtu akibonyeza yeye anaingiza pesa. Aliyetoa ruhusa akitafuta qasida na aliyeitoa akitafuta machafu wanaletewa picha ile ile.

Ruhusa yenyewe hutolewa hivi. Mtu anatafuta mtihani wa nyuma wa kushusha, au qasida, au tamthilia iliyotiwa sauti ya Kiswahili, au tovuti inayorusha mechi bila malipo. Kabla hajafika anapokwenda, unatokea ukurasa mtupu wenye duara linalozunguka na maneno ya kumtaka abonyeze “Allow” ili kuthibitisha kwamba yeye si roboti. Juu, upande wa kushoto, kuna kisanduku cha kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia tovuti, chenye vitufe viwili, “Allow” na “Block”. Mtu ana haraka, mechi imeshaanza, anabonyeza “Allow”. Kwa kubonyeza hapo hajathibitisha habari yoyote ya roboti. Ameiambia kompyuta kwamba tovuti hiyo ina idhini ya kutuma ujumbe wakati wowote, hata siku ambayo hakuifungua. Kwa hiyo ruhusa inaweza kuwa ilitolewa wiki nyingi kabla ya Idi, na mtu yeyote kati yenu: wewe, binti, mdogo wao anayetafuta gemu, au mwenye nyumba mwenyewe usiku wa mpira. Nalisema hili kwa heshima zote, kwani wanaoangukia hapo ni watu wazima wenye akili zao, kila siku.

Baba akitaka kukaa na kijana wake amzungumzie habari ya macho na mambo ya intaneti, hiyo ni haki yake na ni wajibu wake. Ila asiitumie picha hii kuwa ushahidi. Kumhukumu mtoto kwa kitu ambacho kingetokea hata kama yeye angekuwa safarini ni dhulma, na mtoto anaijua dhulma hata akinyamaza. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kazi yoyote ya kompyuta umweleze mume wako kile ulichoniambia mimi, kwamba ulikibonyeza kidirisha na yaliyofuata. Litamfungua macho kuliko maelezo yangu. Kisha waya utolewe kabatini, mkae watatu, na maus ashike kijana. Akiona baba yake anakaa naye kuisafisha kompyuta, atajua kwamba tuhuma imeondolewa.

Sasa kazi yenyewe. Fungueni kompyuta, unganisheni intaneti, subirini kidirisha kichomoze, na msikibonyeze. Kisomeni kwa karibu. Msiangalie picha wala maandishi makubwa, tafuteni yale maandishi madogo ya kijivu. Hapo mtaona jina la kivinjari, Chrome au Edge, na ubavuni mwake anwani ya tovuti, mara nyingi jina lisilo na maana, herufi zimerundikana tu. Hapo ndipo uongo unapojulikana. Kinga halisi ya Windows inapotoa onyo, juu yake huandikwa “Windows Security” au “Microsoft Defender Antivirus”, na haina anwani ya tovuti yoyote. Jina la ile kampuni kubwa uliloliona limebandikwa tu na tovuti hiyo ili uogope. Iandikeni hiyo anwani kwenye karatasi.

Kama ni Chrome, bonyezeni vile vidoti vitatu vya juu mkono wa kulia, ingieni “Settings”, kisha “Privacy and security”, kisha “Site settings”, kisha “Notifications”, yaani arifa. Teremkeni chini mpaka orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Ile anwani mliyoiandika itakuwemo, na huenda ikawa na wenzake wengi. Mbele ya kila moja kuna vidoti vitatu, na ndani yake mtachagua. “Remove” inaifuta kwenye orodha, lakini siku mkipita tena kwenye tovuti hiyo itawaomba upya. “Block” inaifungia kabisa. Zile msizozijua zipigeni “Block” zote. Halafu juu ya ukurasa huo huo chagueni kwamba hamtaki tovuti yoyote iwaulize habari ya arifa tangu leo. Hapa sioni sababu ya kusita, kompyuta ya familia haina haja na arifa za tovuti. Mazungumzo ya video na wifi yako wa Muscat hayategemei ruhusa hiyo, yataendelea kama kawaida.

Kwenye Edge na Firefox mpangilio unafanana, neno la kutafuta ni hilo hilo “Notifications”. Mfanye kwa kila kivinjari kilichomo, kwa sababu ukisafisha Chrome ruhusa ya Edge iko pale pale. Chrome pia ina tabia ya kubaki ikifanya kazi chini kwa chini hata mkishaifunga, ndiyo maana kidirisha huweza kuchomoza wakati hakuna ukurasa uliofunguliwa. Kwenye “Settings” kuna sehemu ya “System”, izimeni ruhusa ya kuendelea kufanya kazi baada ya kufungwa. Na simu za watoto zikagueni hivyo hivyo, maana Chrome ya simu nayo ina orodha yake.

Waliotumia Windows XP mwanzoni mwa miaka ya 2000 watakumbuka kisanduku cha kijivu kilichokuwa kinajileta katikati ya kioo kimeandikwa Messenger Service. Huduma ile iliwekwa ili msimamizi wa kompyuta za ofisi aweze kuwatangazia wafanyakazi, tuseme kwamba mashine ya kuchapisha itazimwa. Wenye kutafuta pesa wakaona kwamba wanaweza kuitumia kutoka popote duniani, wakamwaga matangazo. Microsoft waliizima, na wakawasha ukuta wa kinga wa Windows bila kumngoja mtumiaji, katika sasisho kubwa la Agosti 2004. Arifa za tovuti ziliingia kwenye Chrome mwaka 2015, nazo kwa nia njema, ili gazeti liweze kukupa habari mpya. Tofauti ni kwamba wale wa zamani waliingia bila kuuliza. Hawa wa sasa lazima wakuombe, na ulichokitoa unaweza kukichukua tena. Ndiyo maana naamini nyumba yako inaweza kutulia leo hii bila kumlipa mtu.

Ule ukurasa mwekundu ulikuwa tovuti tu iliyojaza kioo kizima, na king'ora ni sauti iliyopachikwa ndani yake. Hukuingiza namba za kadi, kwa hiyo hawakupata kitu kwako, moyo utulie. Ukitokea tena usichomoe waya, kwa sababu daftari la kikundi likiwa wazi wakati huo linaweza kuharibika. Shikilia kitufe cha Esc kidogo ukurasa upungue, kisha bonyeza Alt pamoja na F4. Ukikataa kufungika, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, lichague jina la kivinjari kwenye orodha itakayokuja, na ukizime kwa “End task”. Ukifungua tena kivinjari kikikuuliza kama kirejeshe kurasa za mwanzo, kataa. Ukurasa wa namna hiyo ukitoa namba ya simu usiipige, na mtu yeyote akitaka uweke programu ya yeye kuishika kompyuta yako kutoka mbali, mkatalie hata akijiita nani. Wakikuhamia kwenye simu kwa meseji za kuomba pesa, namba yao ipeleke 15040, ndiyo namba ya kuripoti utapeli wa simu Tanzania.

Mkishaondoa ruhusa, kagueni kama kuna kilichobaki. Ndani ya Chrome angalieni “Extensions”, yaani programu ndogo zilizojipachika kwenye kivinjari. Ambayo hakuna anayeijua kati yenu, itolewe. Kisha kwenye “Settings” ya Windows ingieni “Apps”, pangeni kwa tarehe, muone nini kiliingizwa karibu na Ramadhani.

Halafu nendeni kwenye “Windows Security”, sehemu ya “Virus & threat protection”. Windows 10 imekuja na kinga yake ndani, bure, na kwa nyumba kama yenu inatosha. Lakini fanyeni uchunguzi mmoja ambao wengi hawaufanyi. Ndani ya mipangilio ya hapo, kuelekea chini, kuna “Exclusions”, yaani orodha ya mahali ambapo kinga imeambiwa isipaguse. Kompyuta nyingi za mtumba zinawekewa Windows isiyo na leseni, na programu inayotumika kuidanganya Windows kwamba imelipiwa huonekana na kinga kuwa ni kirusi. Ili isifutwe, anayeiweka huandika folda yake kwenye orodha hiyo, na wapo wanaoandika diski nzima ya C. Diski nzima ikiandikwa pale, kompyuta inaonyesha alama ya kijani kwamba imelindwa, na hakuna kinachokaguliwa. Orodha yenu ikiwa na kitu, kiondoeni, hata kama Windows itaanza kulalamika kwamba haijalipiwa. Afadhali lalamiko hilo, maana halichukui mali ya mtu.

Baada ya hapo endesheni “Full scan”, itachukua muda mrefu, muiache. Ikimaliza fanyeni na “Microsoft Defender Offline scan”, ambayo inaizima kompyuta, inaiwasha kwa njia yake na kukagua kabla Windows haijaamka, kwa kiasi cha dakika 15. Kompyuta ya mezani haina betri, basi hiyo chagueni saa ambayo umeme wa mtaa wenu huwa umetulia.

Swali lako la fundi. Shilingi 60,000 kwa tatizo ulilonieleza, usizitoe. Kupiga Windows upya kutaondoa vidirisha, ni kweli, na kutaondoa pia daftari la mwani kama halikuhamishwa kwanza. Siku ya tatu mtu atabonyeza “Allow” na vitarudi vyote. Antivirus ya kulipia nayo haimzuii mtu kutoa ruhusa kwa mkono wake. Fundi ana nafasi yake. Ikiwa mmefanya yote haya na bado kuna kidirisha kisicho na anwani ya tovuti, au kinga haikubali kuwaka, hapo mpelekeeni. Ila nakili mafaili yako kwanza, kaa naye akifanya kazi, na muulize Windows anayoiweka ameitoa wapi.

Sasa niseme habari ya masasisho, na hapa naomba mume wako asikilize sana kwa sababu ni jambo la bando, na bando ni pesa. Kompyuta inayopata intaneti kwa hotspot huenda ikawa imewekewa alama ya “Metered connection”, yaani mtandao wa kulipia kwa kipimo. Alama ile inaokoa bando, lakini ikiwaka Windows huacha kushusha masasisho mengi, na hayo masasisho ndiyo yanayoziba matundu ambayo wezi hupitia. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kudai malipo ili kuyafungua, na hakikuhitaji mtu abonyeze kitu, kiliruka chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Microsoft walikuwa wamelitoa sasisho la kuziba tundu lile tangu Machi ya mwaka huo. Walioumia ni wale ambao hawakuwa nalo.

Masasisho ya Microsoft hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa saa zetu ni saa 2 au saa 3 usiku. Nunueni bando la usiku mara moja kwa mwezi, wiki hiyo, izimeni alama ile, mwacheni kijana aingie “Windows Update” ashushe yaliyopo, kisha muirudishe. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na ya fundi.

Lakini lazima nikwambie kwamba Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft walitoa mpango wa kuongezewa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, na kujiunga hufanywa humo humo kwenye “Windows Update”. Windows 11 inataka kompyuta yenye chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, na kompyuta nyingi za mtumba zinakwama hapo. Ikiwa yenu itakwama, mimi ningeiwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ni bure, ni halali, haihitaji programu ya udanganyifu, inapokea masasisho, na daftari la Excel linafunguka humo kwa LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi. Watoto watalalamika wiki moja kuhusu gemu, kisha watazoea. Hilo lakini si la kufanya sasa wakati kijana anajiandaa na mtihani. Subirini amalize.

Kinachofaa kufanywa sasa ni kuacha mtindo wa nyumba nzima kuingia kwa jina moja. Kwenye “Settings”, “Accounts”, tengenezeni akaunti ya kila mtu. Iwepo moja ya msimamizi, yenye neno la siri, mnayoijua wewe na mume wako tu, na isitumiwe kwa kazi za kila siku. Zilizobaki, na yako ikiwemo, ziwe “Standard user”. Mwenye akaunti ya namna hiyo akijaribu kuweka programu inayogusa kompyuta nzima, Windows itaomba neno la siri la msimamizi. Tena kila mtu atakuwa na kivinjari chake na orodha yake ya ruhusa. Siku kidirisha kikichomoza kwenye akaunti ya mtu, mtajua pa kukitafuta bila kumtuhumu mwingine. Na daftari lako halitaonekana na anayecheza gemu.

Kwa zile picha, ipo njia ya kuzizuia kabla hazijafika. Kampuni ya Cloudflare ina huduma ya bure ya kutafuta anwani za tovuti inayokataa tovuti za ngono na zinazosambaza virusi. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya kompyuta kuna mahali pa “DNS”, hapo andikeni 1.1.1.3 na ya pili 1.0.0.3, mkiwa kwenye akaunti ya msimamizi, ili ambao si wasimamizi wasiibadilishe. Kwenye simu za Android sehemu hiyo inaitwa “Private DNS”, na kinachoandikwa ni family.cloudflare-dns.com. Haizuii kila kitu, na kijana mkubwa mwenye nia anaweza kuizunguka, lakini inamkinga yule mdogo anayekosea njia bila kukusudia. Ukimwonyesha mama mkwe kwamba mmeiweka, mwambie pia waziwazi kwamba mjukuu wake hakuwa na kosa. Alitoka ukumbini akiwa na dhana, na ni nyinyi wazazi wa kuiondoa, msimwachie kijana akajitetee mwenyewe kwa bibi yake. Na kwenye Firefox wekeni uBlock Origin, kizuia matangazo cha bure. Kwenye Chrome kipo kinachoitwa uBlock Origin Lite. Hiki kitapunguza sana zile kurasa za duara linalozunguka.

Limebaki daftari la wenzako. Mwani unapandwa na kuvunwa kwa mgongo unaouma na miguu iliyochubuka kwenye maji ya chumvi, na kilo za kila mama humo ndani ndizo jasho lake. Linastahili kulindwa kama pesa zenyewe. Lihamishie kwenye akaunti yako mpya, kisha nunua flash moja ya kazi hiyo tu, unakili daftari kila siku ya kupima mwani, na flash ikae nyumbani. Isiwe ile ambayo watoto wanapeleka kwenye duka la fotokopi kuchapisha kazi za skuli. Flash za madukani hubeba kirusi kinachoficha mafaili na kuacha vijialama vya njia ya mkato vyenye majina yale yale. Mtu akibonyeza mara mbili anadhani anafungua faili lake, kumbe anakifungulia kirusi mlango. Kazi za skuli zitumwe dukani kwa barua pepe. Ikilazimu flash, ikirudi ikaguliwe kwanza, bonyeza alama yake kwa kitufe cha kulia cha maus, chagua “Scan with Microsoft Defender”.

Daftari lenyewe litie neno la siri ndani ya Excel: “File”, “Info”, “Protect Workbook”, “Encrypt with Password”. Neno hilo mpe na mwenyekiti wenu, aliandike mahali pake, kwa sababu Excel haina njia ya kukurudishia ukilisahau. Na kila mwisho wa mwezi lichapishe, mulisome pamoja kwenye mkutano, mwenyekiti na mweka hazina watie saini. Karatasi hiyo itabaki hata kompyuta ikiungua.